Kununua helikopta ya turbini iliyotumika: soma kadi za vipuri kabla hujatazama rangi

#1 – Mwanzisha uzi (Arusha)

Wakuu, salaam. Mimi ni fundi wa ndege mwenye leseni, na kazi yangu ya kila siku ni helikopta ndogo za turbini. Msimu wa watalii ukikaribia, au uchaguzi ukinukia, simu za aina moja huanza kuingia: "Fundi, nimepata chopa Marekani, bei imeniridhisha, picha hizi hapa, unaionaje?" Picha huwa nzuri. Rangi inang'aa, viti vya ngozi, dashibodi safi. Nami huomba kitu kimoja tu: kadi za vipuri (historia ya kila kipande) na logibuku zote, yaani vitabu vya kumbukumbu, tangu chombo kilipotoka kiwandani. Hapo wengi hukaa kimya wiki nzima, na wengine hawarudi tena.

Nafungua uzi huu ili mwenye hela yake ajue analipia nini. Karibu kila kipande muhimu kinachozunguka kwenye helikopta kimepangiwa umri na mtengenezaji. Kikitimiza saa zake, au miaka yake, au idadi ya kuwashwa, kinatolewa na kutupwa hata kama jicho halioni kasoro yoyote. Vingine havitupwi, bali hufunguliwa vyote na kujengwa upya, ndiyo ovaholi tunayoisema mafundi. Kwa hiyo bei halali ya chombo ni jumla ya uhai uliobaki kwenye vipande hivyo. Bodi yenyewe inabeba sehemu ndogo ya hela.

Nichukue Bell 206B JetRanger III, maana ndiyo inayoulizwa sana. Injini yake ni Allison 250-C20B au C20J, siku hizi iko chini ya Rolls-Royce. Sehemu ya moto hukaguliwa kila saa 1,750. Turbini na kompresa hufanyiwa ovaholi kwenye saa 3,500. Lakini ndani ya turbini hiyo hiyo kuna gurudumu la kwanza na la pili, ambayo mwisho wake ni saa 1,775 au kuwashwa mara 3,000, kinachotangulia. Mapanga ya rota kuu hutupwa kwenye saa 5,000. Mikanda inayoshikilia mapanga yasichomoke inahesabiwa kwa saa na kwa miezi pia, yaani hata chombo kikilala hangani bila kuruka, mikanda inaendelea kuisha.

Sasa piga hesabu kwa mfano. Chombo cha kwanza kinauzwa dola 380,000, turbini ina saa 3,300, mapanga yana saa 4,700. Cha pili ni dola 520,000, turbini ina saa 400 tangu ovaholi, mapanga saa 1,200. Wewe unapanga kuruka saa 300 kwa mwaka. Chombo cha kwanza kitakudai turbini kabla ya mwaka kuisha, na mapanga yatafuata nyuma yake mara moja. Omba bei za ovaholi na za mapanga mapya kwenye karakana mbili zilizoidhinishwa, weka jumla juu ya 380,000, kisha uniambie kipi ni rahisi.

Maswali yaje, nitakuwa najibu jioni nikitoka kazini.

#2 – Mchangiaji (Mwanza)

Asante sana fundi, huu uzi umechelewa. Mimi na wenzangu wawili tuna kambi ya watalii Serengeti na tunataka chombo cha kubeba wageni wanne na rubani. Tunasita kati ya JetRanger, Robinson R66 na Écureuil. Kuna mtu ametuonyesha R66 ya mwaka 2012, ina saa 600 tu. Saa 600 kwa chombo cha umri huo si bahati hiyo?

#3 – Mwanzisha uzi

Mkuu, hapo kwenye R66 simama kwanza. Robinson walipata cheti cha R66 mwaka 2010, na utaratibu wao ni mmoja: saa 2,000 au miaka 12, kinachotangulia, chombo kizima kinafanyiwa ovaholi. Kwa hiyo ya mwaka 2012 imemaliza miaka yake 2024. Zile saa 1,400 unazoona zimebaki huwezi kuziruka mpaka ovaholi ifanyike. Muulize muuzaji swali hili kwa maandishi: ovaholi ya miaka 12 imefanyika? Kama imefanyika, na karakana gani, na nyaraka ziko wapi? Kama haijafanyika, bei yake ilinganishwe na bei ya bodi linalosubiri kazi, si na chopa inayoruka. Nimeona matangazo mengi ya R66 yanayosifu saa chache, na mwaka wa ovaholi hautajwi hata kwa herufi ndogo.

Kwa sifa zake, R66 ni chombo kizuri. Ina viti vitano, na injini yake ya RR300 ni ya ukoo ule ule wa Allison 250, ila kompresa imerahisishwa. Inakunywa mafuta kidogo kuliko JetRanger, ambayo wewe panga lita 100 kwa saa bila kujidanganya.

Écureuil, yaani AS350, ni daraja lingine la nguvu. B3 yenye injini ya Arriel 2B ina nguvu farasi 847, na ndiyo aina ambayo rubani Didier Delsalle aliitua kileleni Everest tarehe 14 Mei 2005. Pale uwanja wa Wilson, Nairobi, utazikuta nyingi, kwa hiyo mafundi na vipuri havikusumbui. Lakini inakula mafuta karibu mara mbili ya JetRanger, na nayo ina ukaguzi mkubwa wa miaka 12. AS350 ya bei nafuu iliyobakiza mwaka mmoja kufika ukaguzi huo, muuzaji anajua kwa nini anaiuza.

Jambo ambalo hamkuliuliza, na kwa Serengeti ndilo la kwanza: mwinuko na joto. Uwanja wa Arusha uko futi 4,550 juu ya bahari. Mchana wa nyuzi 28, hewa inakuwa nyepesi kama vile uko futi 7,200. Wilson uko futi 5,536, na kwenye nyuzi 25 rota inaona futi 8,000. Brosha ya muuzaji imeandikwa kwa usawa wa bahari na nyuzi 15.

Tuibebe JetRanger. Uzito wa juu ulioruhusiwa ni kilo 1,451. Ikiwa na vifaa vyake mara nyingi inakaribia kilo 840 ikiwa tupu. Zinabaki 611. Watu watano wa kilo 85 ni 425. Zinabaki kilo 186, ambazo ni lita 230 hivi za mafuta, saa mbili na kidogo hewani, na bado hujaweka begi hata moja. Hiyo ni hesabu ya mizani tu. Fungua jedwali la kuelea angani kwenye kitabu cha chombo, weka futi na joto la mahali mtakapotua, ndipo mtajua kama mnabeba wanne, watatu au wawili. Fanyeni hesabu hiyo kwa kituo chenu kigumu kuliko vyote, saa nane mchana, mwezi wa joto. Kwa kazi yenu na mwinuko wenu, mimi ningeanza na AS350, hata ikibidi msubiri mwaka mzima kukusanya hela.

#4 – Mchangiaji (rubani, Dar)

Niongezee kwa upande wa rubani, maana uhai wa turbini unaamuliwa zaidi wakati wa kuwasha kuliko ikiwa angani.

Kwenye JetRanger unabonyeza stata, unatazama geji ya N1, yaani mzunguko wa kompresa. Inapanda: asilimia 5, 8, 10. Ikifika 12 hadi 15, kutegemea joto la nje, ndipo unafungua mafuta kwa kuzungusha kishikio kilicho mkono wa kushoto. Moto unashika, na sasa macho yote yako kwenye geji ya joto, TOT. Sindano inaruka. Kati ya nyuzi 810 na 927 umepewa sekunde 10, basi. N1 ikifika 58 unaachia stata, injini inajitegemea. Shughuli nzima haizidi dakika moja.

Betri ikiwa imechoka, N1 inapanda kivivu. Hewa inayopita haitoshi kupoza, mafuta yanaungua yaleyale, na sindano ya TOT inapita 927 kabla hujafunga kishikio. Sekunde mbili tatu hizo zinaweza kuunguza magurudumu na vinozeli (midomo inayoelekeza gesi ya moto kwenye magurudumu), na bili yake ni ya turbini nzima. Kibaya zaidi, chombo kinaweza kuendelea kuruka kana kwamba hakuna kilichotokea, na rubani asiyejiamini haandiki kwenye logibuku.

Kwa hiyo mnunuzi akienda kukagua, aombe injini iwashwe mbele yake ikiwa ya baridi, asubuhi, kwa betri ya chombo chenyewe na si kwa umeme wa nje. Simama nyuma ya bega la rubani, rekodi video ya geji mwanzo hadi mwisho. Muuzaji akikuambia "nimeshaipasha moto tayari", rudi kesho yake alfajiri.

#5 – Mwanzisha uzi

Rubani amesema kweli tupu. Na ndiyo sababu hatutegemei geji peke yake. Kuna kamera nyembamba ya kuchungulia, inaingizwa ndani ya injini kupitia tundu za ukaguzi. Unaona vinozeli vya daraja la kwanza kama vimepasuka kingo, unaona ncha za magurudumu kama zimeliwa. Kompresa ya C20B ina hatua sita za visu na moja ya msukumo wa pembeni, na ganda lake ndani limepakwa utando wa plastiki. Chombo kilichotua vumbini miaka mingi, utakuta visu vimenyolewa na utando umebanduka. Injini ya namna hiyo inawaka vizuri, inanguruma vizuri, lakini ukiiomba nguvu kamili joto linafika ukingoni mapema.

Hilo ndilo linalopimwa na kipimo cha nguvu. Unaruka, unaandika torki (nguvu ya kuzungusha), TOT, mwinuko na joto la nje, unapeleka kwenye chati ya kitabu. Chati inakuambia injini nzima inapaswa kutoa kiasi gani kwa joto hilo. Usikubali tarakimu alizokuandikia muuzaji. Mpe rubani wako kalamu, aandike mwenyewe akiwa hewani.

Sasa kadi. Kila kipande chenye ukomo lazima kiwe na historia isiyokatika tangu kiwandani: kilifungwa kwenye chombo gani, namba ipi, lini, kwa saa ngapi, kikatolewa lini, kikaenda wapi. Pengo la miezi 8 bila maelezo ni tatizo la kisheria, maana kipande kisicho na historia kinahesabiwa kimekwisha, hata kikiwa kinang'aa. Kila kipuri kilichobadilishwa kiwe na cheti chake cha kutolewa kazini, fomu 8130-3 ya Marekani au EASA Form 1 ya Ulaya. Halafu usikitazame cheti tu, mpigie simu aliyekitoa. Mwaka 2023 ilibainika kampuni ya London, AOG Technics, ilikuwa ikiuza vipuri vya injini za ndege kubwa kwa nyaraka za kughushi, na mashirika makubwa ya ndege yalikuwa yameshavifunga. Kama wao wenye idara nzima za ukaguzi walipitwa, mimi na wewe tunapaswa kupiga simu.

Namna moja ya kukamata saa zilizofichwa: linganisha vitabu ambavyo havikuandikwa na mtu mmoja. Logibuku ya chombo, logibuku ya injini, kitabu cha rubani, risiti za mafuta. Chombo kinachodai kimeruka saa 120 kwa mwaka, halafu risiti zinaonyesha lita 25,000 za Jet A-1, kuna mtu hakuandika.

#6 – Mchangiaji (Mombasa)

Ahsante kwa elimu. Kuna dalali amenionyesha chopa kwenye mnada Marekani, anasema ni JetRanger iliyokuwa ya jeshi, bei yake haifiki nusu ya hizo mnazotaja. Nataka kuanzisha safari za watalii Diani na Watamu. Hii vipi?

#7 – Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, hiyo kwa maelezo yako ni OH-58 Kiowa. Ni ndugu wa JetRanger, sura moja, lakini ilijengwa kwa mkataba wa jeshi. Kwa kawaida Marekani wanazisajili kwenye kundi lenye masharti, kwa kazi maalumu kama kunyunyizia dawa mashambani, na haziruhusiwi kubeba abiria kwa malipo. Vipuri vyake vya jeshi navyo huwezi kuvihamishia kwenye JetRanger ya kiraia bila historia inayokubalika. Kwa biashara ya watalii, usiinunue hata ukipewa punguzo jingine. Gazelle za jeshi la Uingereza zilizouzwa kwa watu binafsi zina kikwazo cha namna hiyo hiyo: zinaruka kwa kibali maalumu, abiria wa kulipa hawapandi.

Kabla ya dalali kukuonyesha picha nyingine, mwombe namba ya usajili, namba ya bodi, na nakala ya cheti cha ubora wa kuruka. Soma neno linaloonyesha kundi. Kazi hiyo ni ya dakika tano na haina gharama.

Na kwa kuwa uko pwani: chumvi. JetRanger ni aluminiamu na magnesiamu kwa wingi, na magnesiamu ikiguswa na chumvi inaliwa kama sukari kwenye maji. Ganda la giaboksi kuu, sehemu za injini, viungo vya mkia. Chombo kilichoishi Florida au kwenye visiwa kikaguliwe chini ya sakafu na ndani ya bomba la mkia, paneli za sakafu zikiwa zimetolewa. Kikifika kwako, injini ioshwe kwa maji safi baada ya kuruka juu ya bahari, kama mtengenezaji anavyoelekeza. Panga bomba na maji yasiyo na chumvi kwenye bajeti kabla ya kupanga sare za wahudumu.

#8 – Mchangiaji (wakili, Nairobi)

Hamjambo nyote. Nimefuatilia uzi huu kwa makini, naomba niguse sheria, kwa sababu watu huangalia chuma na kusahau umiliki.

Kwanza, chini ya Mkataba wa Chicago wa 1944, ndege haiwezi kuwa na usajili halali katika nchi mbili kwa wakati mmoja. Chopa yenye namba ya N ya Marekani haiwezi kupata 5Y ya Kenya wala 5H ya Tanzania mpaka ifutwe kule, na mamlaka ya kule iijulishe mamlaka ya hapa. Andikeni kwenye mkataba kwamba muuzaji ndiye anayewajibika kwa ufutaji huo, na kwamba sehemu ya hela inabaki kwenye akaunti ya amana, inayoshikiliwa na mtu wa tatu, hadi uthibitisho ufike.

Pili, madeni. Sajili ya ndege za Marekani iko Oklahoma City, na huko huko kuna mawakala wa kutafuta hati na kushikilia amana. Fanyeni upekuzi wa madeni hapo, kisha kwenye Sajili ya Kimataifa iliyoko Dublin, iliyoanzishwa kwa Mkataba wa Cape Town wa 2001. Mkataba huo unagusa helikopta zenye uwezo wa kubeba watu watano au zaidi pamoja na rubani, kwa hiyo JetRanger na R66 zinaingia. Kenya na Tanzania zote ni wanachama. Benki yenye haki iliyoandikwa Dublin inaweza kuifuata chopa hadi hangani kwako, hata kama ulilipa kila senti kwa nia njema.

Tatu, ukitaka kubeba abiria kwa malipo, kununua chombo ni hatua moja tu. Unahitaji cheti cha uendeshaji, AOC, au kukiingiza chombo chako chini ya kampuni ambayo tayari inacho. Nendeni KCAA au TCAA, mamlaka za usafiri wa anga za Kenya na Tanzania, na namba ya bodi mkononi kabla ya kulipa, muulize maofisa wa ubora wa ndege watahitaji nini kwa chombo hicho mahususi. Ombeni jibu la maandishi.

#9 – Mchangiaji (Dodoma)

Wakuu, nimewaelewa. Mimi niko hatua za mbele kidogo. Nimepata JetRanger III iko Lanseria, Afrika Kusini, usajili wa ZS. Muuzaji anataka asilimia 10 leo hii kwenye akaunti yake "ili asiwauzie wengine", halafu nitume fundi. Anasema fundi wake mwenyewe ndiye anayeifahamu, hakuna haja ya mgeni kufungua injini. Nifanyeje?

#10 – Mwanzisha uzi

Mkuu, usitume hela kwenye akaunti ya muuzaji. Amana ni jambo la kawaida kwenye biashara hii, lakini iende kwa wakala wa amana, na mkataba useme inarudi yote kama ukaguzi hautakuridhisha, bila mjadala wa kasoro ipi ni kubwa na ipi ni ndogo.

Fundi wake hawezi kuwa fundi wako. Tafuta karakana yenye idhini ya Bell 206 na ya injini za 250, isiyowahi kuhudumia chombo hicho, umlipe wewe. Mpe kazi kwa maandishi: kamera ndani ya injini, kipimo cha nguvu, sumaku za kunasa chembe za chuma zitolewe na oili ipelekwe maabara, mlegeo wa viungo vya rota kuu na rota ya mkia upimwe, sakafu ifunguliwe, na kadi zote zilinganishwe na namba zilizogongwa kwenye vipande vyenyewe. Hilo la mwisho ndilo linalorukwa sana. Kadi inasema panga namba fulani. Mtu apande ngazi, afute vumbi kwa kitambaa, asome namba iliyo kwenye panga.

Faida ya Lanseria ni kwamba uwanja uko futi 4,517, karibu sawa na Arusha, kwa hiyo kipimo cha nguvu utakachopata pale kinafanana na maisha ya chombo hapa kwetu. Fanyeni mchana.

Kuhusu kukileta: unaweza kuruka nacho, au mapanga na mkia vitolewe kiingie kontena la futi 40 hadi Dar. Kwa kontena, simamia injini na giaboksi zihifadhiwe dhidi ya unyevu kabla ya kufunga mlango, kisha bima ya safari ianze siku kinapofunguliwa kule na iishe siku kinapopimwa na kuruka hapa. Zungumza na bima mapema pia kuhusu rubani, maana watauliza saa zake za turbini na za aina hiyo ya chombo, na jibu hilo linaweza kubadilisha bei yako ya mwaka.

Nitumie skani za kadi za turbini, kompresa, giaboksi, mapanga na mikanda kwa ujumbe wa faragha. Kama muuzaji hataki kuzitoa kabla ya amana, mwambie wakala wa amana atamthibitishia kwamba hela ipo. Akikataa na hapo, kuna JetRanger nyingine sokoni.